Usalama kazini kwenye garderi za Goma: anzia chini ya goti

Piga magoti mlangoni mwa garderi (nyumba ya kulelea watoto wadogo mchana) kabla watoto hawajafika, kisha angalia chumba na uwanja kutoka kimo hicho. Karibu kila kinachoumiza watu katika kazi hii kiko chini ya goti la mtu mzima: babula (jiko la makaa), ndoo ya maji, msumari uliochomoza kwenye mbao za ukuta, ncha ya jiwe la volkano, waya wa jenereta. Hapa Goma hata hewa yenyewe inaweza kuwa ya hatari huko chini, kwa maana mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini, hulala bondeni. Mtoto anaishi kwenye tabaka hilo, na mlezi hushinda ameinama humo akimfuata. Kwa hiyo kuna kanuni mbili zitakazorudi katika kila sehemu ya mwongozo huu. Kinachodhuru kipandishwe juu ya mita 1 na nusu, au kifungiwe nje. Kazi ya mlezi nayo ipandishwe hadi kiunoni mwake.

Kabla geti halijafunguliwa

Anayefungua garderi afike nusu saa kabla ya mtoto wa kwanza, akiwa na nyundo, fimbo na kitambaa. Nusu saa hiyo ihesabiwe kuwa kazi na ilipwe. Isipolipwa, itageuka dakika mbili za kuangaza macho kutoka getini.

Aanze na uwanja. Parsele (viwanja) nyingi za mji zimekaa juu ya mwamba wa volkano, na mwamba huo ukivunjika unakata kama chupa. Ncha zigongwe kwa nyundo na vipande viokotwe, kisha imwagwe changarawe laini au mchanga. Chini ya bembea au kitu chochote cha kupanda, mchanga usipungue kina cha sentimita 30, na uchimbuliwe kila wiki maana mvua na miguu huukandamiza ukawa mgumu kama sakafu. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji. Vumbi jeusi likifagiwa kavu hukaa hewani muda mrefu, na anayelivuta zaidi ni yule mwenye ufagio, kila siku ya kazi.

Fimbo ni ya kupekulia majani na pembe za ukuta. Mji umepitia mapigano, na watoto huokota kila kinachong'aa. Ukiona risasi, guruneti au chuma usichokielewa: usikiguse, usikifukie, usikichome moto, wala usikirushie jiwe. Rudi kwa njia ileile uliyopita, weka alama mbali nacho, wazuie watoto wasiingie uwanjani kabisa, kisha toa habari kwa wakuu wa kartie (mtaa) ili waite watu wa kutegua mabomu. Siku hiyo watoto wapokelewe mahali pengine au warudi nyumbani.

Halafu maji. Mtoto wa mwaka 1 anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita 5, kwa sababu kichwa chake ni kizito kuliko mikono inayopaswa kumwinua. Ndoo iliyobaki na maji ya kudekia imwagwe saa hiyohiyo. Tangi la maji ya mvua liwe na mfuniko wenye kufuli. Mfuniko wa kuegesha tu, hata ukiwekewa jiwe juu, watoto wawili wa miaka 5 wanausukuma bila shida.

Choo kinahitaji jicho la pekee. Kwa kuwa mwamba haukubali kuchimbwa, vyoo vingi hapa vimeinuliwa juu ya ardhi na vina ngazi. Kidato kisizidi sentimita 15, na ubavuni pawe na vishikio viwili, kimoja kwenye sentimita 50 kwa mtoto na kingine kwa mtu mzima. Tundu lisizidi upana wa sentimita 15. Kama choo kilijengwa kwa ajili ya watu wazima, wanunulie wadogo poti za plastiki badala ya kumweka mlezi awashike juu ya tundu. Kumshika mtoto wa kilo 13 hewani huku umeinama, mara 30 kwa siku, ni njia fupi ya kuharibu mgongo, na mkono ukiteleza hasara ni kubwa zaidi.

Babula, makala na jenereta

Hapa ndipo tusipokubali mjadala. Babula haiingii ndani ya chumba chenye watoto, hata ikiwa imebaki na majivu mekundu tu, hata kukiwa na baridi ya mvua ya asubuhi. Watu huogopa moshi, na makala (makaa) yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, kwa hiyo wanayaona salama. Kumbe ndiyo yanayotoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika damu na kuinyima oksijeni. Mtoto huvuta pumzi kwa kasi kuliko mtu mzima, basi hulewa wa kwanza. Nyumba ya mbao yenye nyufa haikuokoi: siku za baridi nyufa zimeshazibwa kwa karatasi na vitambaa.

Alama yake ni hii: watu wawili au zaidi kwa wakati mmoja wanaumwa kichwa, wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu, watoto wanalegea au wanalala saa ambayo si ya kulala, na wakitoka nje wanapata nafuu. Homa hakuna. Ukiona hivyo, toa kila mtu nje kwanza, na maswali yaje baadaye. Fungua milango ukiwa njiani kutoka, usirudi ndani kuchukua vitu, na wote walioonyesha dalili wapelekwe hospitali penye oksijeni. Mwambie muganga (daktari) waziwazi kwamba kulikuwa na makala, maana bila neno hilo anaweza kutafuta malaria tu.

Jiko liwe kibanda cha nje kilicho wazi pande mbili, na babula isimame juu ya meza ya matofali ya sentimita 70 hadi 80. Hapo mpishi hainami, na mtoto hafiki. Zungusha uzio mita 2 kutoka kwenye moto, wenye mlango unaofungwa kwa kitasa cha juu. Mpishi asibebe mtoto mgongoni akiwa jikoni. Tunajua ndivyo wengi walivyozoea nyumbani. Kazini mtoto huyo akae kwa mlezi mwingine.

Uji unaunguza kuliko maji kwa sababu unaganda kwenye ngozi na kuendelea kutoa joto. Usipite na sufuria ya moto katikati ya watoto. Pakua jikoni, acha vikombe vipoe, onja kwa kijiko chako mwenyewe, ndipo sinia iingie chumbani watoto wakiwa wamekaa tayari. Mtu akiungua, awe mtoto au mlezi, vua nguo iliyolowa kama haijashikana na ngozi, mwagia maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Tumia maji ya bidoni (dumu) kwa kikombe kidogokidogo, huku yakitiririka kwenye beseni; kwa mkono wa mtoto, lita 20 zinatosha ukimimina kwa utulivu. Dawa ya meno, mafuta, yai, unga: vyote hapana, maana vinazuia joto kutoka na muganga atalazimika kuvikwangua.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha, bomba la moshi likielekea kwingine. Usiijaze esansi (petroli) ikiwa ya moto. Esansi na mafuta ya taa visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, maana mtoto haulizi kabla ya kunywa. Akishakunywa, usimtapishe: mafuta yanapopanda tena huingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mchukue hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kuhusu moto wenyewe, nyumba za mbao huteketea kwa dakika chache, hivyo usijenge mpango wako juu ya kuuzima. Milango 2 inayofunguka kuelekea nje, isiyofungwa kwa kufuli watoto wakiwa ndani, ina thamani kuliko vizimamoto vitatu. Kizimamoto kimoja cha poda cha kilo 6 kando ya mlango na ndoo 2 za mchanga jikoni vinatosha kwa moto mdogo. Mshale wa kizimamoto uwe kwenye kijani. Utazame kila mwezi.

Javeli na HTH: vipimo

Goma ni mji wa kipindupindu, na klorini ni silaha yetu ya kila siku. Pia ndiyo inayowachubua walezi mikono, inayowakohoza, na mara nyingine inayotumika bure kabisa kwa sababu imechanganywa vibaya.

HTH, yaani klorini ya unga, yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 hupimwa kwa kijiko kikubwa cha mezani, kilichosawazishwa kwa kisu. Hiyo ni takriban gramu 15.

Kwa mikono, pale sabuni inapokosekana au kipindupindu kimeingia kartie: kijiko 1 kwa lita 20 (asilimia 0.05). Kwa meza, vitu vya kuchezea na poti: kijiko 1 kwa lita 10 (asilimia 0.1). Kwa sakafu na nguo wakati wa mlipuko: vijiko 2 kwa lita 10 (asilimia 0.2). Kwa matapishi na kinyesi cha mtu anayeshukiwa kuwa na kipindupindu: vijiko 2 kwa lita 1 (asilimia 2).

Javeli, yaani klorini ya maji, inatofautiana kwa nguvu, basi soma karatasi ya chupa. Gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayoitaka, toa 1, na jibu ni sehemu za maji kwa sehemu 1 ya javeli. Javeli ya 2.6 ukitaka 0.1: 2.6 ÷ 0.1 ni 26, toa 1, unabaki na vikombe 25 vya maji kwa kikombe 1 cha javeli. Chupa isiyo na namba usinunue kwa kazi hii, hata kama bei yake ni nzuri.

Namna ya kuchanganya:

1. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni. Vaa glovu nene za jikoni, miwani na aproni. Hakuna mtoto karibu.
2. Tia maji baridi kwanza kwenye ndoo ya plastiki. Chuma huliwa na klorini na kuipunguza nguvu. Maji ya moto huifukuza hewani.
3. Tia dawa juu ya maji, siyo maji juu ya dawa. Koroga kwa kijiti na uache dakika chache, chokaa ikae chini. Tumia maji ya juu tu.
4. Andika ubavuni namba na saa. Jioni mwaga yaliyobaki. Kesho ni mchanganyiko mpya.
5. Ndoo ipande kwenye rafu ya juu au ibaki kwenye stoo yenye kufuli.

Usichanganye javeli na asidi ya kuoshea choo, siki au ndimu, wala usiimwage juu ya poti iliyojaa mkojo. Inatoka hewa inayochoma mapafu papo hapo. Mkojo umwagwe, poti isuuzwe kwa maji, ndipo klorini ifuate. HTH isikae pamoja na esansi, mafuta au unyevu. Ikikutana navyo inaweza kuwaka yenyewe.

Ukiacha ile kali ya asilimia 2 ya matapishi na kinyesi, kosa linalorudiwa zaidi ni kumwaga klorini juu ya uchafu. Uchafu huila klorini ikaisha kabla haijafikia vijidudu. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, kisha paka klorini na uiache dakika 10 ikiwa bado mbichi. Vitu vinavyotiwa mdomoni visuuzwe tena kwa maji ya kunywa. Na tumia kitambaa, siyo kipulizo: mlezi anayepuliza javeli kila siku ndani ya chumba kidogo anajitafutia pumu.

Kubadilisha nepi bila kuambukizana

Meza ya nepi ndiyo kifaa cha kwanza cha usalama kazini, kuliko hata sanduku la dawa. Fundi mbao yeyote anaiweza: urefu wa kwenda juu sentimita 85 hadi 90 (ipimwe kwenye kiwiko cha mlezi aliyesimama, kisha ishuke kidogo), mapana sentimita 60, kingo za pande tatu zikipanda sentimita 10, na vidato 3 ubavuni ili mtoto anayetembea apande mwenyewe akishikwa mkono. Juu weka godoro jembamba lililovikwa plastiki isiyopasuka.

1. Andaa vyote kwanza: nepi safi, kitambaa kilicholowa, mfuko wa uchafu. Mlezi anayegeuka kutafuta kitu ndiye ambaye mtoto wake huanguka.
2. Glovu kama mtoto anaharisha, au wewe una kidonda mkononi. Kwa nepi ya mkojo tu, mikono iliyooshwa inatosha.
3. Mkono mmoja ukae juu ya mtoto muda wote. Futa kutoka mbele kwenda nyuma.
4. Nepi chafu ikunjwe kuelekea ndani, iingie mfukoni kabla hujagusa ile safi. Vua glovu sasa, siyo mwisho.
5. Vika nepi safi. Osha mikono ya mtoto, mshushe, ndipo upanguse godoro kwa sabuni na klorini.
6. Osha mikono yako kwa sabuni sekunde 20, kati ya vidole na chini ya kucha. Glovu haziondoi hatua hii, maana hutoboka bila kuonekana.

Mpishi na mbadilisha nepi wasiwe mtu mmoja siku moja. Garderi ndogo yenye walezi 2 ipange zamu: huyu nepi, yule chakula, kesho wabadilishane.

Mgonjwa arudi nyumbani, na mlezi pia

Pokea watoto getini, siyo ndani. Gusa paji, tazama macho, mikono na viganja. Joto la 38 au zaidi, kuharisha maji mara 3 au zaidi kwa saa 24, kutapika, au vipele pamoja na homa: mtoto haingii. Aliyeharisha arudi saa 48 baada ya choo cha mwisho kibaya. Mwenye surua, siku 4 baada ya vipele kutokea. Mwenye tetekuwanga, vipele vyote vikishakauka. Vipele vya viganjani na nyayoni vikufanye ufikirie mpox (ndui ya nyani), ambayo aina yake mpya ilitambuliwa Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023, na baadaye ikafika Goma. Huyo arudi magaga yakishaanguka na ngozi mpya kutoka, kwa ruhusa ya muganga.

Mzazi atalalamika, na ana haki, kwa sababu soko halimngoji. Sema kwa ufupi na kwa heshima: "Mama Baraka, mtoto ana joto la 38 na nusu. Tunaomba umfikishe kwa muganga leo. Nafasi yake iko, hatuitoi." Kanuni iwe imeandikwa na kusainiwa siku ya kumwandikisha, ili mlezi asibishane peke yake getini.

Choo cha maji meupe kama maji ya mchele, kinachotoka bila kukoma, usingoje mzazi. Anza kumpa maji ya chumvi na sukari palepale, kwa kijiko: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Huku akinywa, apelekwe kituo cha kipindupindu. Alipotapika pamwagwe ile ya asilimia 2, subiri dakika 10, ndipo udeki.

Sasa mlezi. Kanuni za saa 48 zinamhusu vilevile, na hapo ndipo garderi nyingi zinapojidanganya. Kama siku ya ugonjwa inakatwa kwenye mshahara, mlezi mwenye tumbo atanyamaza na kuja kupakua uji. Lipa siku hizo. Hata kwa hesabu kavu ni nafuu kuliko kufunga garderi nzima wiki moja.

Kwa mlezi mjamzito kuna jambo ambalo wachache huambiwa. Mate na mkojo wa watoto wadogo hubeba virusi vya CMV, ambavyo kwa kawaida havimsumbui mama lakini vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa masikio yake. Rubella na tetekuwanga nazo ni hatari. Asilambe kijiko cha mtoto, asimbusu mdomoni, aoshe mikono kila baada ya nepi na kamasi, na ikiwezekana ahamishiwe kwa watoto wakubwa. Asinyanyue bidoni. Sheria ya kazi ya Kongo, ya mwaka 2002, inampa wiki 14 za likizo ya uzazi.

Mgongo na sauti

Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na huwa inainuliwa kutoka chini kwa mkono mmoja huku kiuno kimepinda. Badilisha ziwe za lita 10, beba mbili kwa uwiano, au weka pipa juu ya stendi lenye bomba ili kuinua kufanyike mara moja tu. Kumnyanyua mtoto: chuchumaa, mguu mmoja mbele, mvute mpaka kifua chake kiguse chako, kisha simama kwa nguvu ya mapaja. Usigeuke kiuno ukiwa umembeba, geuza miguu. Mtoto anayeweza kupanda mwenyewe aachwe apande, hata kama anachelewesha. Kila mlezi awe na kiti cha mtu mzima: vile viti vya watoto vya sentimita 28 vinamaliza magoti.

Mvua ikipiga mabati, usishindane nayo kwa sauti. Kengele ndogo au kupiga makofi kwa mpangilio kunawaita watoto vizuri zaidi, na koo linabaki.

Mazuku, radi, volkano

Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake, kando ya ziwa. Huwa nyingi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Mtu mzima anaweza kupita bila kusikia kitu, ilhali mtoto aliyeketi palepale anakosa pumzi. Wadudu, ndege au panya waliokufa shimoni, majani yaliyokauka sehemu moja tu: hizo ni alama. Mahali pa shaka pazungushiwe uzio, pasichezewe, na watoto wa huko walale kwenye vitanda vya kimo cha nusu mita badala ya mikeka. Mtu akianguka humo usimfuate kichwakichwa. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu. Waokoaji ndio wanaofuata kufa.

Eneo la Kivu ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Ngurumo ya kwanza ikisikika, wote ndani, mbali na ukuta wa mabati, nyaya na bomba la chuma. Kutoka ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, tarehe 17 Januari 2002 na usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi njiani, na hilo ndilo garderi inaweza kulizuia. Kila mtoto awe na kitambaa kilichoshonwa ndani ya nguo au mkoba, kikiwa na jina lake, la mzazi na namba ya simu. Fuata rangi za tahadhari zinazotangazwa na kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma: kijani, manjano, machungwa, nyekundu. Rangi ya machungwa ikitangazwa, watoto wabaki nyumbani, usingoje nyekundu. Jivu likianguka, chomoa haraka bomba linaloingiza maji ya paa kwenye tangi, na usilirudishe mpaka mvua iwe imesafisha mabati.

Hesabu ya kuhama ifanyike leo, kwenye karatasi. Mlezi mmoja anabeba wachanga 2, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Wachanga 9 wanahitaji watu 5. Watoto 20 wanaotembea, wakishika kamba yenye vitanzi, wanahitaji wawili, mbele na nyuma. Jumla 7. Kama garderi ina walezi 4, pungufu ni 3, na majina ya majirani hao 3 yaandikwe baada ya kukubaliana nao, siyo kudhaniwa. Vitenge 10 vitundikwe nyuma ya mlango wa nje. Jaribuni kila mwezi, mkianza saa ya usingizi wa mchana, kwa maana hapo ndipo mambo huharibika: viatu havionekani, mtoto mmoja amelala chini ya kitanda, na kufunga kitenge kwa mikono inayotetemeka huchukua muda mara mbili. Hesabu vichwa mara tatu: mlangoni, getini na mahali pa kukutania.

Daftari la ajali

Daftari moja, kurasa zenye namba: tarehe, saa, nani, wapi, alikuwa anafanya nini, kiungo gani, alitibiwa vipi, kimebadilishwa nini. Andika pia walioponea chupuchupu. Safu ya "wapi" isomwe kila mwisho wa mwezi. Mahali palipotajwa mara 2 parekebishwe kabla ya mwezi kuisha.

Walezi waandikishwe CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mchango wa hatari za kazi ni asilimia 1.5 ya mshahara na hulipwa na mwajiri peke yake, bila kumkata mfanyakazi. Ajali ya pikipiki akiwa njiani kuja kazini nayo inahesabiwa ajali ya kazi, basi iingie daftarini siku ileile, pamoja na jina la aliyeshuhudia na karatasi ya hospitali, na mwajiri aitangaze CNSS bila kungoja kuona kama maumivu yatapungua.